Kutoka Karabai hadi Sola: Mwongozo Kamili wa Kuanzisha Kituo cha Pamoja cha Taa za Wavuvi wa Dagaa

Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria hutegemea giza na mwanga kwa pamoja. Wavuvi hutoka nyakati ambazo mwezi haupo, hutandaza taa juu ya vyelezo vinavyoelea, huwasubiri dagaa wakusanyike chini ya mwanga, kisha huzungusha wavu. Kwa miongo mingi mwanga huo umetoka kwenye karabai zinazotumia mafuta ya taa. Miaka ya karibuni taa za LED zenye betri zimeenea katika mialo mingi ya Mwanza, yaani fukwe ambako mitumbwi hutia nanga, lakini mara nyingi kila tajiri, yaani mwenye mitumbwi, hununua za kwake kadiri anavyojua, betri hufa mapema, na zipo kambi za visiwani ambako betri hizo huchajiwa kwa jenereta la petroli. Hapo mafuta hayajaachwa. Yamehamishwa tu kutoka majini kwenda nchi kavu.

Mwongozo huu unaeleza namna mwalo mmoja wenye mitumbwi kama 10, uwe Kayenze, Igombe, Kome au Ukerewe, unavyoweza kuanzisha kituo cha pamoja cha kuchaji na kukodisha taa kwa nguvu ya jua, chini ya kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, au ushirika wa wavuvi wenyewe. Naweka msimamo wangu wazi tangu mapema: paneli na taa ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Kinachoua vituo vya namna hii ni fedha ya betri ambayo haikutengwa tangu siku ya kwanza, pamoja na makubaliano ya mgawo ambayo hayakuandikwa popote. Kwa sababu hiyo nimetumia nafasi kubwa kwenye vikao na daftari, na msomaji asishangae.

Hatua ya kwanza: pimeni mafuta mnayochoma sasa

Kabla ya kununua chochote, chukueni giza moja zima, tangu mwezi unapoanza kuchelewa kuchomoza hadi mbalamwezi inaporudi, na kuandika matumizi halisi ya kila mtumbwi. Karabai moja hunywa takribani lita moja hadi moja na nusu kwa usiku, kutegemea ukali wa mwanga na hali ya pampu. Mtumbwi wenye taa 5, ukikadiria lita 1.2 kwa kila taa na usiku 20 wa kazi kwa mwezi, hutumia lita 120. Kila lita ya mafuta ya taa inapoungua hutoa takribani kilo 2.5 za hewa ya ukaa, hivyo mtumbwi huo mmoja hutoa kama kilo 300 kwa mwezi kwa ajili ya mwanga pekee, bila kuhesabu injini.

Kwa fedha, tuseme lita moja ni shilingi 3,000. Wekeni bei ya kwenu mahali pa hiyo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, lakini mafuta yanayofika kisiwani kwa madumu hubeba pia nauli ya boti na faida ya muuzaji, kwa hiyo bei ya kuandika ni ile iliyolipwa mwaloni. Kwa mfano wetu, mtumbwi mmoja hutumia shilingi 360,000 kwa mwezi na mitumbwi 10 hutumia shilingi 3,600,000. Ikumbukwe kwamba ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kwa kiasi kikubwa katika bajeti ya 2011/12 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli kwa kuichanganya na mafuta ya taa, na aliyeubeba mzigo huo ni pamoja na mvuvi ambaye hakuchakachua chochote.

Ongezeni pia gharama ndogo ambazo hakuna anayezihesabu: vioo vinavyopasuka maji ya baridi yanaporukia taa ya moto, tambi za kitambaa, sindano na pampu, mafuta yanayomwagika ziwani, na majeraha ya moto. Jumla hiyo ndiyo itakayozungumza kwenye kikao, na itazungumza vizuri zaidi ikiwa imeandikwa kwa mkono wa wavuvi wenyewe.

Hatua ya pili: kubalianeni ni nani anayenufaika

Katika kambi nyingi gharama za safari, yaani mafuta na chakula, hutolewa kwanza kwenye mauzo, na kinachobaki hugawanywa kati ya tajiri na wavuvi wake. Utaratibu huu una maana kubwa kwa mradi wa sola. Mafuta yakitoweka, kuna fedha inabaki mezani ambayo zamani haikuwepo, na kila upande una sababu ya kuamini kwamba ni yake. Tajiri husema amenunua taa. Wavuvi husema wao ndio wanaokesha nazo. Kama jambo hili halikumalizwa mapema, wavuvi huanza kuona taa mpya kama mbinu ya kuwapunja, na taa isiyopendwa na anayeishika haidumu hata giza mbili.

Njia ninayoipendekeza ni hii: ada ya kukodi taa iingie mahali pale pale palipokuwa na mafuta, yaani itolewe kwanza kwenye mauzo, na kilichookolewa kiingie kwenye mgawo wa kawaida ambao kambi imeuzoea. Kwa njia hii hakuna anayehitaji kujifunza hesabu mpya, na kila mtu anaona nyongeza kwenye fungu lake. Tajiri aliyekwisha kununua taa zake asilazimishwe kuziacha. Apewe nafasi ya kuzichaji kituoni kwa ada ndogo, na betri zake zikifa ataamua mwenyewe.

Kikao hicho kisiwe cha matajiri peke yao. Waitwe wavuvi, kina mama wanaonunua na kuanika dagaa, mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, na afisa uvuvi. Kina mama hao wa chanja, yaani vichanja vya kuanikia dagaa, ndio mara nyingi wenye uzoefu wa kuweka na kukopa kupitia vikoba, na mialo inayowapa kazi ya kushika daftari la fedha huwa imechagua vema. Pia wao hawahami. Wavuvi wa dagaa hufuata dagaa. Leo wapo Kome, giza lijalo wapo Maisome au Ukara, na mweka hazina anayehama na mtumbwi ni tatizo linaloonekana tangu mbali.

Makubaliano yaandikwe na kusomwa kwa sauti mbele ya wote. Yataje mmiliki wa vifaa, ada, atakayelipa taa ikipotea kwa uzembe na atakayelipa ikipotea kwa dhoruba, dhamana ambayo mtumbwi mgeni utaweka, na siku ambayo hesabu zitasomwa hadharani.

Kwa upande wa mtaji, kikundi kilichosajiliwa kwa afisa maendeleo ya jamii kinaweza kuomba mkopo wa halmashauri usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maana yake ni kwamba ushirika wa matajiri wa umri mkubwa hautapita katika mlango huo, ilhali kikundi cha wanawake au vijana wa mwaloni kinachoendesha kituo kinaweza kupita. Hii ni sababu nyingine ya kutowaacha nje.

Hatua ya tatu: jaribuni taa kabla ya kuziamini

Taa ya LED ya wati 10 hutoa takribani lumeni 1,000, kiasi kinachotosha kushindana na karabai iliyotunzwa vizuri. Tofauti ni kwamba karabai humwaga mwanga pande zote, ilhali taa nyingi za LED huelekeza mwanga upande mmoja. Taa inayomulika chini moja kwa moja hutengeneza doa kali na kuacha giza pembeni. Chagueni yenye kifuniko kinachotawanya mwanga, au iwekeni juu kidogo zaidi ya mahali karabai ilipokaa kwenye chelezo.

Msivutwe na wauzaji wanaonadi taa zenye nguvu kupita kiasi. Kanuni za uvuvi hugusa pia mwanga unaotumika ziwani, na hurekebishwa, kwa hiyo afisa uvuvi aulizwe kabla ya fedha kutoka. Zaidi ya kanuni, ziwa ni moja na dagaa ni wale wale: mwalo mmoja ukiongeza mwanga, jirani naye ataongeza, na mwisho wake ni gharama kubwa zaidi kwa wote na samaki wachanga wengi zaidi kwenye nyavu. Lengo la mradi huu ni kuacha mafuta, na dagaa wanapaswa kubaki salama kama walivyokuwa au zaidi.

Jaribio lenyewe lifanyike kwa haki. Chukueni mitumbwi miwili inayovua eneo moja, mmoja na karabai na mwingine na LED, kisha wabadilishane taa kila baada ya usiku kadhaa, ili tofauti ya wavuvi isionekane kama tofauti ya taa. Andikeni ndoo zilizopatikana kila alfajiri kwa giza zima. Usiku mmoja wa neema au wa mkosi hauthibitishi chochote. Mkihitaji ushauri wa kitaalamu, Mwanza haina upungufu: TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ina kituo chake mjini humo, na chuo cha uvuvi cha FETA, wakala wa elimu na mafunzo ya uvuvi, kipo Nyegezi.

Uimara wa taa hupimwa nchi kavu. Izamisheni kwenye ndoo ya maji kwa nusu saa ikiwa inawaka, kisha ifutwe na kutazamwa ndani ya kioo chake. Mvuke mdogo unaoonekana kama jasho kwenye lenzi ni dalili kwamba mpira wa kuzuia maji haukubani, na taa hiyo irudishwe dukani siku hiyo hiyo. Alama ya IP67 kwenye kasha humaanisha taa imetengenezwa kuhimili kuzama kwa muda mfupi, ilhali IP65 huhimili maji ya kurushiwa tu. Kwa kifaa kinachoelea juu ya mawimbi, tofauti hiyo si ndogo.

Hatua ya nne: hesabu ya betri na paneli

Taa ya wati 10 ikiwaka saa 10 hutumia wati-saa 100. Betri yake iwe kubwa kuliko hapo, kwa sababu betri isiyoachwa na akiba huzeeka haraka. Betri za risasi na asidi, zile za gari na pikipiki, hazipendi kushushwa chini ya nusu. Mvuvi anayezimaliza kila usiku atazizika baada ya miezi michache, na hapo ndipo sola hupata jina baya mwaloni. Betri za lithiamu-chuma-fosfeti huvumilia kutumiwa hadi asilimia 80 kwa mizunguko 2,000 au zaidi zikitunzwa. Ya volti 12.8 na ampea-saa 12 ina takribani wati-saa 154, na asilimia 80 yake ni wati-saa 123, ambayo inatosha usiku mzima na kubakiza kidogo.

Sasa paneli. Mitumbwi 10 yenye taa 5 kila mmoja ni taa 50, sawa na wati-saa 5,000 kwa usiku. Gawanya kwa 0.75 ili kufidia kinachopotea kwenye nyaya, vidhibiti chaji, joto na vumbi. Unapata takribani wati-saa 6,700. Jua la Mwanza hutoa kwa wastani kama saa 5 za nguvu kamili kwa siku, lakini hesabuni kwa 4.5 kwa ajili ya siku za mawingu za vuli na masika. Jibu ni takribani wati 1,500, yaani paneli 5 za wati 300. Mwalo wenye mitumbwi michache au mingi zaidi ubadilishe tu idadi ya taa na kurudia hesabu hiyo hiyo.

Kuna uzuri mmoja katika uvuvi wa dagaa ambao miradi mingine ya sola haina: taa hutumika usiku na kulala mchana, wakati ule ule jua lipo. Kituo hakihitaji benki kubwa ya betri, kwani paneli huchaji betri za taa moja kwa moja. Mbalamwezi nayo huleta siku kadhaa za mapumziko kila mwezi, ambazo ndizo za matengenezo. Nunueni hata hivyo taa 60 badala ya 50, ili zilizoharibika ziwe na mbadala na siku ya mvua ya kutwa isiwaache watu ufukweni.

Mahali penye gridi ndogo ya sola, kama ile ya Bwisya kisiwani Ukara, au umeme wa TANESCO unaoaminika, linganisheni kwanza gharama ya kuchaji kwa umeme huo. Hakuna sababu ya kujenga kilichokwisha kujengwa.

Hatua ya tano: kujenga kituo

Chagueni mahali palipo juu ya usawa ambao ziwa hufikia linapojaa. Maji ya 2020 yalifunika fukwe na majengo mengi kuzunguka Ziwa Victoria, na kituo cha umeme hakipaswi kusubiri somo hilo lirudiwe. Mwanza ipo takribani nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli zielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hivi. Mwinamo huo hauongezi umeme mwingi, lakini huruhusu mvua kuosha paneli. Pwani ya ziwa ina yangeyange na kunguru wanaopenda kutua juu ya kitu chochote kirefu, na wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi na kufia juu ya vioo. Paneli zifutwe kwa maji na kitambaa laini asubuhi kabla hazijapata moto.

Ndani, wekeni rafu ya mbao yenye nafasi zilizopewa namba, kila nafasi na fyuzi yake, ili taa moja yenye hitilafu isizime zote. Nyaya za volti 12 ziwe nene na fupi, kwa sababu umeme wa volti ndogo hupotea sana njiani. Kidhibiti chaji lazima kiwe kinachokubaliana na aina ya betri. Betri ya lithiamu-chuma-fosfeti ya volti 12.8 hujaa kwenye volti 14.6, na kuipita hapo ni kuiharibu. Kazi ya kufunga ifanywe na fundi umeme mwenye cheti, naye afundishe vijana wawili wa mwaloni anapofunga. Anayefunga peke yake na kuondoka huwaachia watu kisanduku wasichokielewa.

Hatua ya sita: kazi ya kila siku

Mitumbwi ikirudi alfajiri, taa zipokelewe moja moja. Mhudumu huifuta taa kwa kitambaa kikavu, hutazama kama kuna matone ndani ya kioo, hugusa mahali waya unapoingilia kwenye kasha kuona kama pamelegea, hupima volti, kisha huandika namba ya taa, jina la mtumbwi na kipimo hicho. Inachukua kama dakika moja kwa kila taa. Taa ambayo volti yake hushuka zaidi ya wenzake siku kadhaa mfululizo hutengwa kabla haijamzimikia mtu katikati ya ziwa, na daftari ndilo linaloifichua, si macho.

Jioni, taa itolewe kwa sahihi ya msimamizi wa mtumbwi. Namba ichorwe kwa rangi ya mafuta kwenye kasha na pia kwenye boya lake, kwani wizi wa vifaa ziwani upo na taa isiyo na alama haina mwenyewe. Mitumbwi migeni ilipe dhamana, nayo irejeshwe papo hapo taa zinaporudi salama, bila visingizio. Sifa ya mwalo husafiri kuliko mitumbwi.

Hatua ya saba: fedha ya betri

Tuchukue ada ya shilingi 1,500 kwa taa kwa usiku, ambayo ni chini ya nusu ya shilingi 3,600 za mafuta katika mfano wetu. Taa 50 kwa usiku 20 huleta shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Tuseme taa moja na betri yake inagharimu shilingi 150,000. Taa 60 ni shilingi 9,000,000. Ingawa betri nzuri kwa karatasi ingeweza kudumu zaidi, joto, maji na kuangushwa hupunguza umri, hivyo pangeni kuzibadilisha zote baada ya miaka 3. Hiyo ni shilingi 250,000 kila mwezi, zisizoguswa kwa msiba, sherehe wala mkopo wa mwenyekiti. Ziwekwe kwenye akaunti tofauti yenye watia sahihi watatu, mmoja wao akiwa mwanamke wa chanja.

Kinachobaki hulipa mhudumu, mlinzi, marejesho ya mkopo na matengenezo madogo. Kikundi kikishindwa kutenga fungu la betri kwa miezi miwili mfululizo, ada ipandishwe au gharama zipunguzwe mara moja. Kusubiri kunamaanisha kwamba betri zitakapokufa, wavuvi watarudi kwenye karabai, na safari hiyo watakuwa na ushahidi kwamba sola haifai.

Hesabu zisomwe kila mbalamwezi, watu wote wakiwepo nchi kavu. Asomaye aanze na fungu la betri.

Betri zilizokufa

Zisitupwe ziwani wala kuzikwa mchangani. Za risasi zina wanunuzi wa vyuma chakavu, lakini kikundi kiwauzie wale tu wanaozipeleka nzima kwenye viwanda vya kuyeyusha, kamwe si wanaozipasua uani na kumwaga asidi karibu na watoto. Za lithiamu zihifadhiwe pakavu, ncha zake zikifunikwa kwa utepe, na muuzaji aulizwe tangu siku ya ununuzi kama atazipokea zikichakaa. Jibu lake liandikwe kwenye mkataba wa mauziano.

Injini

Wengi huuliza mara tu taa zinapofanikiwa: na petroli je? Injini ya nguvu-farasi 15 ni sawa na takribani kilowati 11. Saa moja ya mwendo kamili hutumia umeme mwingi kuliko ule ambao kituo tulichokieleza huzalisha kwa kutwa nzima. Injini za umeme za mitumbwi zipo na zitaendelea kushuka bei, lakini kwa sasa mahali pake pa kuanzia ni safari fupi, kama kuvusha watu na mizigo kati ya kisiwa na kisiwa jirani. Mwalo unaotaka kujiandaa uanze kuandika petroli kama ulivyoandika mafuta ya taa: lita, masafa na uzito wa mzigo, safari kwa safari. Wakati huo huo, kupunguza mwendo kidogo, kusafisha tumbo la mtumbwi na kutengeneza propela iliyopinda huokoa petroli leo hii, bila mkopo na bila kumsubiri mtu yeyote.